Mwaka Tuliokula Gundi

Ni mwaka ule unga wa mahindi ulipanda bei hadi watu wakala mboga za sukuma peke yake, kama mbuzi. Mimi sikusoma sana, tarehe hazikai kichwani mwangu, lakini tumbo langu linakumbuka. Mwezi wa pili bado tulikuwa tunakula ugali na omena, vile vidagaa vya ziwani. Kufika mwezi wa sita tulikuwa tunakula gundi.

Wacha nieleze.

Hapa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, tulikuwa wanawake tisa nyuma ya kanisa la mabati, tukitengeneza makaa kutokana na vumbi. Vumbi ni kile kinachobaki chini ya gunia la muuza makaa; wengine hukitupa mtaroni. Kazi hiyo niliijua tangu nilipokuwa naishi Kibera. Unachekecha vumbi, unachanganya na udongo na maji, unafinyanga matonge kama ya ugali, unaanika juu ya bati. Matonge yangu yalikuwa ya mviringo kabisa. Hakuna mwanamke Kibera nzima aliyenishinda, na sioni haya kusema. Nimesomesha wajukuu watatu, wale wanaoniita shosho, kwa mikono hii ambayo haijawahi kutakata.

Halafu watu wa mradi wa shirika moja wakatujia na mashine ya kushindilia makaa, na maneno yao. Biashara endelevu, wakasema. Miti haikatwi, taka zinapungua, na umaskini nao unapungua. Sikuwacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Badala ya udongo walituletea magunia ya unga wa muhogo. Unapika uji mzito, unaumwagia kwenye vumbi, unashika kama gundi, mashine inafanya iliyobaki. Makaa hayo hayakuwa na moshi. Githeri, mahindi na maharagwe yake, inaiva na jiko bado lina moto wa chai. Wenye hoteli walikuwa wanatungoja asubuhi na magunia yao matupu. Mimi nikachaguliwa mwenyekiti, ufunguo wa stoo ukaning'inia shingoni.

Aliyepanga mradi alisahau kitu kimoja tu. Sisi tuliotoka magharibi mwa nchi, unga wa muhogo kwetu ni chakula.

Sasa hebu fikiria. Wanawake tisa, hawajatia kitu mdomoni tangu jana, wamezunguka sufuria ya uji unaotokota. Harufu inafika barabarani. Watoto wanakuja na vikombe, wanasimama tu. Na wewe unauinua huo uji, unaumwaga kwenye vumbi jeusi mbele ya macho yao.

Wa kwanza kuchovya kikombe alikuwa rafiki yangu, mama mmoja aliyekuwa akiuza omena Kisumu Ndogo, kule kule Kibera, kabla mtaji wake haujaliwa na hospitali. Kila asubuhi alikuja kwa miguu kutoka Kibera.

"Wewe! Huo ni wa makaa," nikamwambia.

"Makaa yana watoto?" Akapuliza, akanywa. "Na hata sukari hawakuleta. Watu wabaya hawa."

Tukacheka mpaka machozi. Halafu nikachukua kikombe changu.

Baada ya wiki mbili hapakuwa na haja ya kikombe. Unga ulikuwa unaenda nyumbani umefungwa kwenye leso, na stoo niliifungua mimi mwenyewe. Pengo tukaliziba na udongo, kama zamani. Lakini mashine haikuzoea udongo. Makaa yakatoka na nyufa, yakafuka moshi. Mama mmoja wa hoteli alikuja na gunia lake, akalimwaga miguuni pangu.

"Shosho, hii ni ya kupikia ama ya kukandika nyumba?"

Hakurudi. Wengine nao hawakurudi.

Ndipo akaja msichana wa ofisi ya mradi, mpole, viatu vimejaa tope. Alikuwa amekuta stoo tupu.

"Shosho, nisaidie nikusaidie. Wakubwa wanataka jina moja tu, na litoke kwako wewe mwenyekiti. Aliyeanza kuchukua unga atoke kwenye kikundi, mashine ibaki."

Nikawatazama wenzangu. Kila mmoja alikuwa anaangalia miguu yake. Rafiki yangu alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili. Nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu wanne na mwana asiyeinuka kitandani. Nje ya kikundi hakuwa na kitu.

"Si useme tu, shosho," mmoja akaninong'oneza. "Sisi tutakula nini?"

"Kwani wewe hukula?"

Nikamgeukia msichana. "Jina sitoi. Andika sisi sote."

"Nikiandika nyote, mashine inaenda."

Ikaenda. Wanaume wanne waliipakia kwenye pikapu, na watoto wakaisindikiza wakiimba, hawakujua.

Sasa nafinyanga kwa mkono, na udongo, pale pale nilipoanzia. Wananunua wale wasio na namna, na moshi unawaliza jikoni. Wenzangu wanafulia watu nguo Riruta, siku wanapoitwa. Wawili hawanisalimii. Binti yangu anasema kiburi changu ndicho kilichobeba ile mashine. Labda. Rafiki yangu naye hakurudi kazini hata siku moja. Nikienda Kisumu Ndogo naambiwa ametoka, na ndala zake naziona mlangoni.

Wiki iliyopita yule msichana alinijia tena. Amenenepa kidogo. Akaketi kwenye ndoo niliyoipindua, akafungua daftari. Mashine ipo, akasema, inaota kutu tu. Inaweza kurudi hata kesho, lakini faili lazima lifungwe, na halifungwi bila jina.

"Shosho, miaka imepita. Huyo unayemficha amekusaidia nini?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalizungusha mpaka likawa la mviringo, nikaliweka juani pamoja na mengine.

"Jina sitoi. Andika sisi sote."