Radi ya Mwezi wa Nane

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Shinyanga, Mkuu wa Mawasiliano wa kampuni yetu ya utafiti wa madini alinikabidhi redio, kiti kibovu na onyo moja. "Baba Kulwa, hapa hulipwi kuongea. Unalipwa kusikiliza." Nikasikiliza miaka mingi. Leo sikio la kushoto limegoma, mgongo nao una visirani vyake, halafu vijana wenye simu mfukoni wananiuliza kulikuwa na ugumu gani. Nitawaeleza, ingawa hata kueleza kwenyewe kunanichosha.

Katikati ya miaka ya tisini nilihamishiwa kambi ya Geita. Huko wachorongaji, yaani watu wa kutoboa mwamba ili kutoa vipande vya kupimwa dhahabu, walikaa miezi bila kuona familia zao. Redio ya sauti ilikuwa imeondolewa. Badala yake tulipewa kompyuta ndogo yenye kioo cha kijani, pamoja na modemu, chombo cha kugeuza maandishi kuwa milio na kuyarusha hewani. Ndugu wa mfanyakazi akifika ofisi ya Shinyanga, karani aliuandika ujumbe wake, na kompyuta ya kule ikawa inaiita ya kwetu mpaka iitikiwe.

Ya kwetu haikuitika yenyewe. Ilikuwa na programu ya kupokea, ambayo iliamshwa kompyuta inapowashwa, kisha ikakaa nyuma ya kazi nyingine ikisikiliza kimya. Kilichoiamsha ni faili la kuwashia, orodha ya amri ambazo mashine huzisoma moja baada ya nyingine kila inapoamka. Ukitanguliza neno fulani fupi mbele ya amri, mashine inairuka. Ubaya wake ni kwamba programu ile iwe hai, iwe imekufa, kioo kilionekana vilevile.

Kiangazi kimoja mchorongaji mmoja, Masunga, alisikia kwamba baba yake anaumwa kijijini, upande wa Shinyanga. Akaomba ruhusa. Meneja wa Kambi, mtu wa pwani, akakataa. "Ukiitwa utakwenda, gari lipo. Bado hujaitwa." Tangu hapo Masunga akawa anapitia kwangu kila asubuhi, kofia mkononi, akinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Baba Kulwa. Kuna chochote?"

"Mwangaluka. Hakuna bado."

Juma hilohilo Meneja alitaka ramani zake. Programu ya ramani ikagoma, memori haitoshi. "Kitoe hicho kidude kinachokula nafasi," aliniambia. Nikaliweka lile neno mbele ya amri ya kupokea ujumbe, nikawasha upya, ramani zikatoka. Nilikusudia kuirudisha mchana. Nikasahau. Sina kisingizio.

Asubuhi nne nilimwambia Masunga hakuna. Siku ya tano nilifungua ile orodha kwa shughuli nyingine, nikaliona neno langu pale pale nilipoliacha. Nikalifuta, nikawasha upya, na baada ya dakika chache ujumbe ukaanza kuingia. Baba amezidiwa, anamtaja Masunga. Baba amefariki, tunamsubiri. Tumezika.

Meneja alisoma, akajifuta jasho. "Mwambie kulikuwa na radi njiani, mawimbi hayakupita." Nami, mwenye watoto sita na kibarua cha kulinda, nikaenda kumwambia. Masunga alitazama juu. Ulikuwa mwezi wa nane, anga limekauka, jeupe kwa vumbi. Hakubisha, kwa kuwa mtaalamu wa mambo hayo nilikuwa mimi.

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu: kila nikiwasha kompyuta, niliomba Shinyanga wanitumie ujumbe wa majaribio, na sikunywa chai mpaka uingie. Mhandisi wa Kanda aliusikia, akaamuru kambi zote zifanye hivyo, akanisifu mbele ya watu. Sifa ile ilinichosha kuliko kazi yenyewe. Nilimwonea aibu kila aliyeirudia.

Nilipostaafu, Masunga, sasa msimamizi wa wachorongaji, alisimama kwenye hafla ya kuniaga akasema mimi ndiye mtu pekee kambini aliyemjali. Watu wakapiga makofi. Sikuweza kuyavumilia. Nikamvuta pembeni, nikamweleza yote, kuanzia ramani hadi radi.

"Nyumbani walinicheka," akasema. "Radi gani ya mwezi wa nane? Nikawaapia kwamba Baba Kulwa hawezi kunidanganya."

"Niliogopa kufukuzwa, Masunga."

"Hilo nalielewa. Lakini Meneja aliondoka zamani." Hakupandisha sauti. "Mbona hukuja kumwambia mama? Amekufa anajua niliitwa nikakataa."