Grisi ya Mawese

Mimi mkaidi, sitajipamba hapa. Mawese nimepika tangu usichana wangu mtaani Buzebazeba, na mtu aliyejifanya kunifundisha mafuta nilimtazama juu mpaka chini.

Ile miaka Warundi walipokuwa wakikimbia mauaji kwao, wakivuka ziwa kwa makundi, kwetu Ujiji alikaa mjane mmoja wa ng'ambo, rika la binti yangu. Mama yake mzazi alibaki kule ufukweni, kafichwa na watu, nao wakaleta habari kwamba watamficha mpaka Jumanne, si zaidi. Mume wangu alikuwa na boti, akakubali kumfuata. Tatizo shafti, kile chuma kinachozungusha pangaboi. Pale inapopenya ubao kwenda kwenye pangaboi ilivujisha maji vibaya, na bila grisi ya kuzibia boti isingefika mbali. Grisi yenyewe madukani ilikwisha, mjini mpaka Gungu.

Nikasema nitaipika. Nilishamwona fundi mmoja akifanya: mawese na chokaa vinachemka pamoja mpaka viwe sabuni, halafu unatia oili ya injini, unakoroga mpaka igande.

Jumatatu asubuhi nikabandika sufuria. Yule binti mjane akachuchumaa kando yangu, akanieleza kwa adabu kwamba marehemu mumewe alikuwa fundi wa kinu cha mawese, na grisi ya chokaa alikuwa akiibakizia maji kidogo.

"Mama, ukiyakausha yote haitashika."

Maji kwenye mafuta! Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia we mtoto wa juzi, Ujiji nzima tunachemsha mawese mpaka tone la mwisho la maji liishe, la sivyo yanaharibika. Akajibu kwa Kirundi, "Ego, Mama," yaani ndiyo. Alikuwa anakula kwangu, angebishana vipi?

Nikachochea kuni, maji yakakauka kabisa. Nikatia oili, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Wapi! Mafuta yakaelea juu, sabuni ikakaa chini chengachenga kama maziwa yaliyokatika. Nikasema moto haujatosha, nikaongeza kuni. Sufuria la pili nalo hivyo hivyo. Jumanne mume wangu alikuja mara tatu kuuliza, nami nikamfokea mara tatu, maana hofu ilikuwa imenishika na sikutaka aione. Yule binti hakula siku hiyo. Alikuwa anatazama jua.

Alasiri ndipo nikampa mwiko. Akaanza upya kwa moto mdogo, na kabla sabuni haijakauka, ikiwa bado na unyevu, akatia oili kidogo kidogo. Ikashika. Nikaichota, ikasimama kidoleni bila kutiririka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Boti iliondoka Jumatano alfajiri. Alhamisi ikarudi imejaa watu, na mama yule hayumo. Mume wangu akasimulia kwamba wenyeji wake walimtoa Jumanne jioni, akashika njia ya mlimani peke yake, na hakuna aliyemwona tena. Halafu akanigeukia mbele ya watu wote pale ufukweni, akauliza kwa hasira grisi gani inapikwa siku mbili.

Niliinama kuifunga kamba ya boti.

"Chokaa ilikuwa mbaya, Baba," yule binti akasema, macho yake ziwani.

Nami nikaitikia. Nikasema ndiyo, chokaa.