Shukrani Zangu kwa Mama Feza

Nina miaka arobaini na saba, na wiki iliyopita makala yangu ya kwanza ya utafiti ilichapishwa. Kwa furaha nilishindwa hata kungoja teksi. Nilitembea hadi sokoni Kamalondo, makala mkononi, kumwonyesha Mama Feza, muuza samaki wakavu wa Pweto aliyenieleza mengi kuhusu biashara hiyo.

Mbele ya wateja wake niliisoma kwa sauti, nikiitafsiri papo hapo kutoka Kifaransa. Nilifikia ugunduzi wangu mkuu: muuzaji mmoja huwapaka samaki wa zamani mafuta ili wang'ae kama wapya.

“Ule muntu ni nani?” mteja akauliza.

“Jina nimelificha,” nilijibu kwa fahari. “Utafiti una maadili yake.”

Mama Feza alikuwa ameinamia meza yake. Nikitaka kumfurahisha, niliruka hadi ukurasa wa mwisho: “Namshukuru Mama Feza, muuzaji pekee aliyekubali kuzungumza nami.”

Wateja waliwarudisha samaki mezani, mmoja baada ya mwingine.

“Haya, Mama Profesa,” akasema Mama Feza, “hii samaki yote sasa ni weye utakula.”