Kalori Elfu Moja na Wali wa Arobaini

Wewe unayenisikiliza, kama umewahi kuniona nikipita Katindiuka na baiskeli huku nimeinamisha kichwa kana kwamba nimeangusha sindano barabarani, leo nakwambia sababu, na ruksa kucheka, kwa kuwa wenzako wameshacheka mpaka wamechoka: nilikula arobaini ya mtu nisiyemjua, nikaitikia jina lisilo langu, na nusura niondoke na baiskeli ya marehemu.

Yote yalianza kwa kubonyeza mahali pamoja tu kwenye simu. Nilikuwa na kilo themanini na sita, nikapakua programu ya kuhesabu kalori. Kalori, nikueleze taratibu, ni kipimo cha nguvu inayotoka kwenye chakula. Mwili hutumia kiasi chake kila siku. Ukila pungufu kidogo ya hapo unapungua polepole, ukila pungufu mno mwili unagoma kama punda. Sasa ile programu ikaniuliza umri, urefu, uzito, halafu ikauliza shughuli zangu za siku zikoje: nyingi, za wastani, au muda mwingi nimekaa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kazi yangu chaki na madaftari, nikabonyeza "muda mwingi nimekaa" bila hata kuwaza. (Baiskeli? Nani Ifakara anahesabu baiskeli? Nusu saa kwenda shuleni na nusu saa kurudi, hiyo kwetu ni kutembea tu. Na palizi ya mpunga je? Hiyo ni kazi, siyo mazoezi. Mazoezi ni yale ya kuvaa raba.)

Simu ikanipa kalori elfu moja mia tatu na kumi na moja. Nikaiona hiyo namba ina mkia mrefu, nikaikata mwenyewe ikawa elfu moja kamili, ili nifike haraka.

Ningeishia hapo, aibu ingekuwa ya kwangu peke yangu. Lakini mimi nikijua kitu lazima nikifundishe, basi nikawakusanya akina mama wanane, tukaanzisha kikundi cha kukimbia Jumamosi asubuhi, tukashona tisheti za kijani zenye neno TUNAPUNGUA mgongoni, na wote nikawapa namba yangu ileile, elfu moja. Aliyeishika kwa imani zaidi ni Dada Rehema, muuza vitenge wa karibu na soko, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Daktari alikuwa amemwambia presha yake inapanda na lazima apunguze uzito. Akaniambia mbele ya wenzetu, "Mwalimu Oliva, mimi nakufuata wewe. Siku ukianguka wewe, narudi kwenye maandazi yangu na tusilaumiane." Kwa hiyo unaona mzigo niliojitwisha: nikishindwa mimi, na yeye basi, na presha yake haikuwa ya utani.

Wiki ya tatu nilikuwa mtu wa ajabu. Asubuhi chai kavu, mchana kikombe cha wali na mchicha, jioni hasira. Siku moja niliandika ubaoni kwamba x ni sawa na wali, na darasa zima likanakili hivyohivyo kwa huruma.

Sasa ikafika Jumamosi yenyewe, msimu wa mavuno. Tukakimbia kutoka mjini kuelekea Katindiuka, mimi kiongozi nikiwa wa mwisho, miguu inatetemeka, macho yananitoka machozi kwa jasho la chumvi. Mara upepo ukaleta harufu ya mchele mpya. Kama umekulia huku unaijua harufu hiyo, haikuombi, inakushika mkono. Nikawapigia kelele wenzangu, "Tangulieni, nafunga kamba za raba!" nikakata kona kwenye nyumba moja yenye turubai na masufuria makubwa motoni, nia yangu (naapa) ikiwa kuomba maji tu.

Mama mmoja mtu mzima akaniona ninavyotiririka jasho, akatupa mwiko.

"Leokadia! Jamani, mtoto wetu wa kule Chita huyu amefika! Ona anavyolia!"

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mimi shangazi yako Imelda, utanikumbukia wapi, uliondoka hapa uko hivi," akaonyesha gotini. "Pole na safari. Ilikuwaje?"

"Ndefu, shangazi." (Huo haukuwa uongo, nimekimbia kutoka mjini.)

"Na umenenepa, hongera! Chita wanakula!"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema mimi siye Leokadia. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini mtu mwingine alikuwa ameshanifunga kanga mabegani, mwingine ananinawisha mikono, na mbele yangu likashuka sinia la wali na nyama ya mbuzi, akina mama wanne wamelizunguka wakanisogezea upande wa mnofu. Nilihesabu kalori mpaka tonge la sita, baada ya hapo nikasamehe hesabu. Nikaja kuelewa kuwa ni arobaini ya Mzee Kasiani, kwamba Leokadia ni mpwa aliyempenda, na kwamba sinia letu wameliongeza mara mbili kwa sababu yangu.

Shangazi Imelda akasimama akapiga makofi. Akasema marehemu aliacha neno, baiskeli yake apewe Leokadia. Ikaletwa, imepakwa mafuta, inang'aa, mdogo wake marehemu ameishika usukani.

"Kaka yangu," akasema, "alikuwa anakula sinia kama hilo la Leokadia hapo." Watu wakacheka. "Na hakuota kitambi mpaka anaingia kaburini. Kwa nini? Hii baiskeli. Nyumbani shamba, shamba mjini, na gunia nyuma. Siyo hawa wanaopita hapa Jumamosi wanakimbia kwenda, wanakimbia kurudi, hawajabeba hata kuni!"

Nikalirudisha tonge siniani. Mwalimu mzima wa hesabu, na nimeacha tarakimu kubwa kuliko zote! Saa nzima ya baiskeli kila siku, palizi, kupeta, kuchota maji, halafu kukimbia juu ya hayo yote, na mimi nimeiambia simu kwamba nimekaa.

"Leokadia, sema neno kwa mjomba wako."

Nikasimama na punje za wali kidevuni. Kanga ikateleza. Nyuma yangu sauti ya kike ikasoma silabi moja moja, "TU-NA-PU-NGUA." Akauliza, "Jamani, huyu mtoto anakuja arobaini na maneno gani haya mgongoni?"

Kabla sijajibu, tisheti nane nyingine za kijani zikatokea pale uani, Dada Rehema mbele, anahema. "Hodi, samahani jamani. Tumempoteza mwalimu wetu, tunaogopa kaanguka mtaroni..." Akaniona. Akaona sinia. "Mwalimu Oliva!"

"Oliva nani?" Shangazi akauliza. "Huyu ni Leokadia."

Na bodaboda ikasimama muda huohuo, akashuka dada mwembamba mwenye begi. "Leokadia ni mimi, shangazi. Kuna nini?"

Nilipiga magoti. Nikasema yote, kuanzia simu. Mdogo wake marehemu akaanza kucheka mpaka akaiegemea baiskeli. Shangazi Imelda hakucheka.

"Chakula cha msiba hakidaiwi, mwanangu," akasema. "Ulichokula umekula. Ila baiskeli iache. Na masufuria yale pale."

Tukaosha masufuria, kikundi kizima. Rehema alisugua pembeni yangu, nami nikasubiri aseme amerudi kwenye maandazi yake. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, juzi nilianguka dukani. Napima kitenge cha mteja, nazinduka nimekilalia. Sikukwambia. Nilidhani wewe unaweza, mimi tu ndiye mzembe."

Aibu ya arobaini ikawa ndogo ghafla. Mtu wa presha, na nilimpa namba ya kubuni, iliyokatwa kutoka namba yangu, nayo yenyewe ilikuwa ya uongo. Nikamwambia, "Dada, anza kunywa chai hapa hapa, yenye sukari, na Jumatatu twende wote kwa daktari wako." Tukaenda. Daktari akampa Rehema namba yake mwenyewe, ya mtu anayekaa dukani na anayekunywa dawa, na ndani yake kulikuwa na nafasi ya andazi moja la asubuhi, akashangilia kama kapata mtoto. Mimi nikairudia simu na kuijibu ukweli. Ikanipa karibu elfu moja na mia nane. Napungua polepole, na x imerudi kuwa x. Rehema bado anakimbia na sisi, siku hizi mbele yangu.

Basi fanya hivi. Chukua daftari, kwa siku saba andika kila kinachofanywa na mwili wako, baiskeli, jembe, ndoo, yote, ndipo uiambie simu. Namba ikija usiikate, na usimpe mwenzako. Kama una ugonjwa au dawa, mwonyeshe daktari kwanza. Na Jumamosi, kabla hujafunga kamba za raba, kula.