Kumsomea Bibi Siku ya Matanga

Miaka ya tisini nilimtunza bibi mmoja wa Kibelgiji kule Uccle, mjane asiyeweza kusimama bila kushikwa, na macho yake yaliona mwanga tu. Nililala chumba cha juu. Kumwogesha na kumpikia sikukuona kuwa kazi. Kazi ilikuwa kile kitabu: semi na mashairi ya mwandishi mmoja Mfaransa wa karne ya kumi na nane, mtu mwenye ulimi mkali, ambaye bibi alimpenda kuliko watoto wake. Nilimsomea asubuhi, nikamsomea jioni, na katikati yeye mwenyewe alinitolea semi hizo bila kitabu. Supu ikipoa, yule bwana alikuwa na neno juu ya supu. Mvua ikinyesha, alikuwa na beti mbili za mvua. Alikufa miaka mia mbili iliyopita na bado alikuwa na jibu la kila kitu! Nilimchukia kama mtu anavyomchukia jirani asiyenyamaza.

Jumanne moja dada yangu mkubwa, aliyekaa Berchem, huko huko Ubelgiji, alinipigia simu. Mama yetu amefariki, huko kwetu Bukavu. Mimi na dada hatukuwa na karatasi za kusafiria. Matanga yangefanyika kwake Jumapili, na hayo ndiyo yangekuwa mazishi yetu.

"Unakuya?" akauliza.

"Nitaomba huyu maman ruhusa."

"Bon, umuambie tu. Hata muzungu iko na mama."

Sasa, kwetu mtu mzee hatupiwi kifo usoni. Unamwambia fulani ni mgonjwa, mgonjwa sana. Yeye anakutazama, ananyamaza, kisha anauliza mwenyewe: tumemkosa? Nawe unainamisha macho. Ndivyo nilivyolelewa. Nikapiga magoti kando ya kiti cha bibi, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha heshima kwamba mama yangu ni mgonjwa sana, na kwamba Jumapili watu wetu watakusanyika. Nikainamisha macho, nikangoja aulize. Nilisahau kabisa kwamba hakuiona sura yangu.

Bibi alicheka. Akanitolea beti za yule bwana za kuwadhihaki madaktari, kwamba mgonjwa hupona mara tu wakimsahau.

"Atapona," akasema, akinipapasa mkono. "Na Jumapili binti yangu atakuwa pwani. Nani atabaki nami?"

Hapo nikanaswa, na mtego niliutega mwenyewe. Jumatano nilitaka kusema ukweli, nikashindwa. Jana mgonjwa, leo amekufa? Ningeonekana nimemuua mama yangu ili nipate siku ya kutoka. Alhamisi nilifungua mdomo tena, bibi akanikatiza kwa usemi juu ya watumishi na visingizio vyao. Sijui kama alinilenga mimi. Nilikasirika, nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili mchana dada akapiga simu. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba.

"Batu bote balishafika. Uko wapi?"

Nikamwambia nakuja, nikakata simu. Koti nilikuwa nimeshalivaa. Lakini bibi alikuwa pale kwenye kiti chake, hawezi kufika hata chooni peke yake, na nyumba nzima hakuna mtu mwingine. Nikalivua.

"Njoo tusome," akaita.

Siku hiyo alichagua shairi ambalo yule bwana aliliandika alipofiwa na rafiki yake. Halikuwa na utani hata chembe. Ubeti wa kwanza niliusoma vizuri. Wa pili, sauti ikakatika. Wa tatu nilikuwa nalia waziwazi huku nasoma, machozi yanalowesha ukurasa, namlilia mama yangu kwa maneno ya Mzungu niliyemchukia. Sikuruka hata neno moja.

Bibi alisikiliza hadi mwisho, uso ameuelekeza dirishani.

"Hatimaye umejifunza kumsoma," akasema. "Kesho tulirudie hilo."