Jirani wa Kwenye Daftari

Nilisoma hadi darasa la tatu huko Burundi, nikaacha. Sioni haya. Kiingereza nilikiokota barabarani hapa Johannesburg, na kwacho nimelea watoto watano. Ndicho nilichomlipa yule mama Mchina.

Alikuwa na duka la vitambaa karibu na Joubert Park. Alinipa kona mlangoni niweke cherehani yangu bila kodi. Mimi kila asubuhi nimfafanulie neno moja. Kitabu chake cha Kichina kilieleza maana ya maneno ya Kiingereza na yalikotoka. Siku moja tukafika kwenye neighbour, jirani.

"Baba, kitabu kinasema zamani lilikuwa maneno mawili: karibu, na mkulima. Mtu analima karibu na wewe. Zuri, eh?" Akaliandika daftarini kwa wino.

"Aliyeandika hicho kitabu hajavunjiwa mlango," nikamjibu.

Nikamweleza. Mwaka 2008 nilikuwa naishi lokesheni, mtaa wa watu weusi nje ya jiji, nina cherehani tatu. Sare za shule za mtaa mzima nilishona mimi. Wageni walipoanza kufukuzwa, aliyevunja mlango wangu hakutoka mbali. Nyumba ya pili tu, tena kavaa suruali niliyompunguzia kiuno mwenyewe. Alijua cherehani ipi ni nzima. Alianza na hiyo.

"Basi andika: neighbour ni mtu anayejua saa unayotoka, na kitu gani ukikikosa utalia."

Akacheka, akaandika chini yake kwa kalamu ya risasi. "Eish, Baba mkali! Mimi si hivyo."

Nikamwamini, mjinga mimi. Nikamletea wateja wangu, Warundi na Wakongo. Nikamwonyesha vitambaa ambavyo mama zetu hutafuta wakiwa na arusi, na vile ambavyo hawatavigusa hata bure. Kazi yote nilimfungulia.

Alipokwisha kuijua, akaja shemeji yake na cherehani mpya ya umeme. Asubuhi hiyo kitabu hakikufunguliwa.

"Baba, kona anataka shemeji. Wewe kaa ng'ambo ya barabara, pale kuna kivuli. Bado sisi neighbour."

Wateja wangu wanatazama. Sikumwomba. Nilifungasha nguo za watu, nikabeba cherehani begani, na umri huu.

"Mama, lile daftari unalo?"

"Ninalo. Kwa nini?"

"Ile maana yangu, ipitishie wino."