Ile Sifuri ya Rehema

Ile Jumatatu naikumbuka, mwanangu, hata ningetaka kuisahau. Umeniuliza utumie programu ipi ya simu kufundishia hesabu, kwa kuwa umesikia mie ndiye niliyetangulia kuzitumia pale shuleni kwetu Temeke. Ni kweli nilitangulia. Lakini aliyetangulia si lazima awe aliyefika, na nisipokueleza nilivyojikwaa nitakuwa nimekudanganya.

Mie si msomi. Nina kidato cha nne na cheti cha ualimu, basi. Nywele zilishaanza mvi, ila kwa mambo ya mtandao nilikuwa mtoto mchanga. Nikahudhuria semina ya siku moja kule Mbezi Luis, kijana mmoja akatuonyesha programu inayotoa maswali, inasahihisha yenyewe, halafu inapanga watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikuwa na madaftari tisini ya kusahihisha. Nitakuwa mwongo nikisema niliwaza watoto. Niliwaza mkono wangu.

Nikayaingiza majina ya darasa la sita zima, nikawaambia kila mmoja afanye mazoezi ya hesabu za sehemu kwenye simu ya mzazi. Sikumuuliza hata mmoja nyumbani kwao kuna simu ya namna gani. Wiki tatu baadaye, ndiyo hiyo Jumatatu, nikaitoa ile orodha. Dorisi alikuwa wa kwanza, amepata yote. Rehema, jirani yake, alikuwa wa mwisho kwa sifuri.

Nikaisoma orodha mbele ya darasa, nikamhamishia Rehema dawati la nyuma, tulikokuwa tukiwaweka wasiofanya kazi. Dorisi akasimama. Akasema, "Mwalimu, sie tulikuwa tunafanya wote." Nikamwambia akae, hajaulizwa. Halafu, Mungu anisamehe, nikaituma orodha kwenye kundi la simu la wazazi.

Mama yake Rehema hakuwemo kwenye lile kundi. Alikuwa na simu ya kitochi isiyoingia mtandao, anauza viazi sokoni Buguruni. Habari aliipata kwa mama mwenzake, mbele ya wateja. Kesho yake asubuhi akaja ofisini kwa walimu, akanisalimu kwa adabu, akaweka daftari mezani.

"Mwalimu, mie sikusoma," akasema. "Ila huyu kila jioni anakwenda kwa kina Dorisi na daftari, anarudi limejaa. Sasa hiyo sifuri imetoka wapi?"

Nikafunua. Maswali yote yalikuwemo, yamekokotolewa kwa penseli, na majibu ni yaleyale yaliyompa Dorisi ushindi. Kumbe hao wawili walikuwa wakikaa kwenye simu moja ya mama Dorisi, na simu inamjua mmoja tu. Nililiona hilo palepale, mwanangu. Lakini mdomo wangu ukasema, "Mama, mfumo ndivyo unavyosema."

Akaniangalia. "Mfumo ndio nani?"

Akachukua daftari lake akaenda kuwahi biashara.

Mchana nikamwita Rehema pembeni mle ofisini, nikamwomba radhi kwa sauti ndogo. Akasema, "Sawa, mwalimu." Nikajiona muungwana. Meza ya jirani alikuwa amekaa mwalimu Komba, mzee wa Songea aliyekuwa anakaribia kustaafu, akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza, taratibu tu, huku anafuta miwani yake, "Binti, ulipomvua nguo ulikuwa uwanjani. Mbona unamvisha chumbani?"

Nilikasirika, sifichi. Nikajiambia huyu mzee haipendi teknolojia. Haikuwa haki kumwaza hivyo, kwani yeye ndiye aliyekuwaga ananifundisha kutumia kompyuta ya ofisi. Siku mbili nikazunguka na hasira yangu, nikiogopa wazazi wataniona sijui kazi. Siku ya tatu nikasimama mbele ya darasa nikasema kosa ni langu, Rehema amefanya kazi yote, na Dorisi alinieleza ukweli nikamnyamazisha. Kisha sauti moja ya katikati ikanong'ona, "Leo mwalimu ndo kapata sifuri." Darasa likacheka. Nikawaacha, maana alisema kweli. Nikarekodi maneno hayohayo kwa sauti yangu, nikayatuma kwenye kundi la wazazi, na jioni nikashuka Buguruni kumweleza mama mwenyewe palepale kwenye viazi vyake, wale wateja wakisikia. Akasema amepokea.

Rehema alirudi dawati lake. Alifaulu vizuri tu. Ila tangu siku ile mpaka anamaliza shule hakunyoosha tena mkono kwenye somo langu. Kwenye masomo mengine alinyoosha. Huenda kulikuwa na sababu nyingine, siwezi kuapa. Lakini moyo wangu haujawahi kuipata hiyo sababu nyingine.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nami naongeza, anayelima bila kulijua shamba naye ataumiza miche. Ile programu haikuwa mbaya, nisiisingizie, ilihesabu ilichopewa. Basi kabla hujachagua, tembea ujue nani ana simu, nani anaazima, nani anakaa na nani. Kisha jiulize kwa ukweli, kitu hiki kinamsaidia mtoto au kinanipumzisha mie? Namba ikikwambia jambo baya juu ya mtoto, fungua daftari lake kwanza. Mtoto akisimama kukueleza, msikilize hadi amalize. Na ukikosea mbele ya watu, rudi mbele ya watu walewale.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho la kumwona mtoto aliyekaa nyuma, na wanafunzi wako wasichoke kunyoosha mikono.